Handaki la Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, nami nimeanza daftari hili kama nilivyomwahidi mume wangu, Baba Kijino, siku anaondoka na kikosi chake. Alisema, "Andika kila siku, hata mstari mmoja, nikirudi nisome nilichokosa." Haya, soma. Umekosa tope. Umekosa nepi zisizokauka. Umekosa jino la pili la mwanao, limetoka chini upande wa kushoto, na sasa nikimnyonyesha ananitafuna.

Mtaa mzima unaishangilia mvua. Wanasema maadamu ardhi ni laini, magari ya vita ya upande wa pili hayawezi kuvuka bonde, yatazama. Kwa hiyo tuna nafasi mpaka mvua iishe. Ofisi ya mtaa imeamuru kila safu ya nyumba iwe na handaki lake kabla ya kiangazi. Safu yetu ina nyumba sita na watu kumi na tisa, na mimi ndiye niliyejaliwa baba mkwe aliyekuwa sajini.

Jumanne, 5 Machi

Baba mkwe kachukua ndoo zangu zote mbili. Hata ya kumwogeshea mtoto.

Ijumaa, 8 Machi

Leo kaja Bwana Kipimo, msimamizi wa uchimbaji. Tunamwita hivyo kwa ajili ya utepe wa kupimia anaouvaa shingoni kama medali. Maisha yake yote amelaza mabomba ya maji, sasa kakabidhiwa vita. Alivuta kamba nyuma ya nyumba zetu, kutoka ya kwanza mpaka ya sita, imenyooka kabisa.

Baba macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Aliitafuta ile kamba kwa fimbo, akaishika, akaifuata hatua kumi, akasimama.

"Nani kachora mfereji hapa?"

"Ni handaki hilo, Sajini. Limenyooka, lina mteremko safi."

"Limenyooka ili iweje? Bomu likiangukia mwanzoni, vipande viruke mpaka mwisho bila kukutana na kona hata moja? Sisi tulichimba hivyo mwezi wa kwanza wa vita. Mwezi wa pili hatukuwa wengi wa kubishana."

"Kona zinakusanya tope, Mzee wangu."

"Tope linafuliwa."

Linafuliwa na nani? Hakuna aliyeuliza hilo.

Jumatatu, 11 Machi

Kona zimeshinda. Tunachimba hatua nane, tunakunja, hatua nane, tunakunja. Baba kakaa kwenye kiti changu cha jikoni chini ya mwavuli wangu, anatuamrisha kwa fimbo. Mama Pacha wa nyumba ya pili, ninayeshona naye viroba vya mchanga kiwandani, kaniambia, "Shoga, mkweo haoni, lakini nikipumzika dakika moja anajua." Ni kweli. Anasikiliza sepetu.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Kuchota maji handakini. Mvua.

Ijumaa, 15 Machi

Barua! Lori linalokuja kubeba viroba kiwandani ndilo linaloleta barua za askari. Dereva huyu ana tabia ya kuita majina ya wengine wote kwanza huku akinitazama mimi. Iko siku nitamchoma sindano.

Kwanza niliisoma peke yangu, polepole, kwa kidole, maana shule yangu niliiachia darasa la saba. Yuko mzima. Anachimba, anakula, anachimba. Ukurasa wa pili wote ni habari za mahandaki, na unaanza hivi: "Mwambie Baba mambo yamebadilika. Kuchimba handaki refu na wazi kama alivyonifundisha siku hizi ni kujichimbia kaburi." Anaendelea hivyo hadi chini, tuchimbe mashimo madogo, tufunike juu, tufanye hivi, tufanye vile.

Jioni Baba akakaa kitako, kavaa shati safi kabisa kwa ajili ya kusomewa. "Haya, Mama Kijino. Mwanangu anasemaje?"

Nikasoma ukurasa wa kwanza. Nikafika wa pili, nikamtazama yule mzee, tope hadi magotini, fimbo mapajani, anasubiri kama mtoto anayesubiri kusifiwa. Ulimi ukakataa. Mimi ni mke wa mwanawe, nitamwambiaje uso kwa uso kwamba kazi ya mikono yake ni kaburi? Nikaugeuza ukurasa, nikaenda moja kwa moja kwenye salamu.

"Kuhusu kuchimba hakusema kitu?"

"Kasema wanachimba, Baba."

"Ah. Wanachimba." Akafurahi. Nitamwambia siku akiwa ametulia.

Jumanne, 19 Machi

Hajatulia.

Alhamisi, 21 Machi

Kiwandani tunashona viroba vya mchanga: pindo mara mbili chini na ubavuni, mdomo unabaki wazi na kamba yake. Nilileta vichache vya safu yetu, Bwana Kipimo akavijaza mpaka vikavimba kama wajawazito. Baba akavipapasa kimoja kimoja.

"Nani kashindilia hivi? Kiroba ukikijaza pomoni kinabingirika. Jaza robo tatu, funga, kilaze, kipige kibao kama tofali. Kimoja hivi, kingine hivi, kishikane na mwenzake."

"Sajini, mimi nimejenga kuta kabla..."

"Umejenga kuta za maji. Maji hayakurushii kitu."

Tukamwaga mchanga, tukajaza upya. Mgongo wangu mimi! Lakini ukuta ukatoka mzuri, nisiwe mnafiki.

Ijumaa, 29 Machi

Barua ya pili. Anauliza, "Baba kasemaje? Amekubali kufunika? Juu, mke wangu, juu! Adui hayuko tena mbele yako, yuko juu yako anakuchungulia kama mpishi kwenye sufuria. Na msifagie njia ya kwenda handakini. Njia nyeupe droni inaiona kama mshale."

Nikamsomea Baba habari za chakula na za rafiki yake anayekoroma. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Mwambie na sisi tumefika kona ya nne. Mwambie nimemchimbia mwanawe kipembe kizuri cha kukaa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Badala yake nikasema, "Nitamwambia, Baba," nikaenda kukoroga uji.

Nimejaribu kumrushia chambo. Nikamuuliza, "Baba, tungeweka paa juu, si tusingelowa?" Akaniambia handaki lenye paa ni banda la kuku, askari lazima aone mbingu. Nikaona basi, yaishe. Na njia nimeendelea kufagia kila asubuhi, maana nikiacha watauliza kwa nini.

Ijumaa, 5 Aprili

Lori limekwama kwenye tope huko bondeni. Hakuna barua. Mvua hiyohiyo tunayoiombea.

Jumanne, 9 Aprili

Ukuta wa kona ya pili umeporomoka kwa maji. Bwana Kipimo alisimama akatutazama tukichota, mikono nyuma, bila kusema "niliwaambia". Angesema tu ningefarijika. Kijino kala udongo.

Jumatatu, 15 Aprili

Lori bado.

Jumamosi, 20 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio yalivyotokea.

Mvua ilikatika Alhamisi. Jana jua, leo jua. Asubuhi hii kila mtu alianika: mablanketi, magodoro, mimi nepi zote. Mama Pacha alikuwa anaimba huku anakung'uta shuka. Akaniambia, "Leo hata wewe nitakuita mrembo, umekauka." Kisha tukaisikia droni. Haina mlio mkubwa, ni kama cherehani inayoshona mbali.

Tukakimbia. Nikamkamata Kijino na uji wake kidevuni. Njia tuliyoifagia asubuhi ileile ilikuwa nyeupe, safi, inatoka kila mlango na kuishia kwenye mdomo wa handaki. Niliiona nikiwa juu yake, nikaona maneno ya mume wangu yamelala pale chini.

Tukaingia wote kumi na tisa. Baba alitupanga kwa sauti tu, bila kuhangaika: "Wawili wawili! Msirundikane! Mama Kijino, kona ya nne, kwenye kipembe!" Nikajikunja humo na mtoto. Nikatazama juu.

Ilikuwa imesimama hewani, nyeusi, ndogo kuliko nilivyodhani, ningeweza kuifunika kwa ungo. Ikasogea juu ya kona ya kwanza, ikatulia. Ikaja ya pili. Inachungulia. Hatukuwa na pa kujificha, handaki zima liko wazi kama kiganja. Nikawaza, kama mpishi kwenye sufuria.

Ikaachia kitu.

Nilisikia udongo ukinipiga mgongoni, kisha sikusikia chochote, kisha nikasikia Kijino akilia, nikashukuru kwa kile kilio. Bomu lilianguka kona ya pili. Sisi wa kona nyingine hatukuguswa, vipande viliishia kwenye udongo wa kona, vilevile kama Baba alivyosema. Lakini kona ya pili alikuwepo Mama Pacha. Pacha wake aliwasukumia kona ya tatu, yeye mwenyewe hakuwahi. Vipande vilimpasua mguu wa kulia, kuanzia goti kushuka. Bwana Kipimo alikuja mbio, akavua utepe wake wa kupimia, akaufunga pajani kwa Mama Pacha, akauvuta mpaka damu ikapungua, akambeba mgongoni hadi zahanati.

Yuko hai. Mguu hawajui kama utabaki.

Jumapili, 21 Aprili

Pacha wamelala kwangu. Wananiuliza mama anarudi lini. Nimewapa uji.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimesema.

Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kona ya pili, anapapasa udongo mahali bomu lilipoangukia. Nikapiga magoti karibu naye kwenye tope, na barua mbili mkononi.

"Baba, nina kosa."

"Lipi tena? Umeunguza uji?"

"Mwanao alituandikia tufunike. Tangu barua ya kwanza. Na tusifagie. Mimi nikaruka. Nilikusomea mengine, hayo nikayaruka."

Hakugeuka. "Mara ngapi?"

"Zote mbili."

"Kwa nini?"

"Alisema... alisema kuchimba kwako kumepitwa na wakati. Niliona aibu kukutamkia."

Aliendelea kupapasa udongo mpaka magoti yangu yakazama topeni. Nilitamani anitukane. Mwisho akasema, taratibu kabisa, "Kwa hiyo mwezi mzima mwanangu anazungumza na mimi, na wewe umemziba mdomo. Halafu naye anangoja jibu langu, anadhani babake ni mkaidi."

"Nisamehe, Baba."

"Mimi ni mkaidi," akasema. "Lakini ningetaka kuwa mkaidi baada ya kusikia." Akaipiga fimbo chini. "Aibu yako hiyo, Mama Kijino, imemlaza mwenzio zahanati. Sikwambii ili nikuumize. Nakwambia kwa sababu ni hivyo. Soma. Usiruke hata nukta."

Nikasoma. Kaburi nikalitamka. Nikafika chini ya ukurasa wa pili, mahali ambapo hata mimi mwenyewe nilipapitia haraka kwa hofu, na ikabidi nianze mstari upya:

"Lakini mwambie zile kona alizonifundisha nikiwa mdogo, kwa kuchora kwa fimbo kwenye mchanga nyuma ya nyumba, zimeniokoa mara mbili. Wenzangu waliuliza nimejifunza chuo gani. Kwenye mlango wa kila shimo tunaweka kona zake mbili. Afande anaziita kona za Baba."

Baba akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Mara ya tatu akatoa leso, akafuta kipini cha fimbo kana kwamba ndicho kilicholowa.

Kisha akanyanyuka, akaita kwa sauti ya kambini: "Kipimo! Njoo na kamba yako! Tunafukia!"

Nikatazama lile handaki tulilolichimba wiki sita. Ningeweza kukaa chini nilie. Kwa uchovu, si kwa kingine.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua imerudi. Nyesha, tafadhali. Nyesha mpaka tumalize.

Jumamosi, 27 Aprili

Tunafukia katikati, tunaacha vipande vinne vilivyotengana, kila kimoja watu watano. Kila kimoja mlango mwembamba wenye kona mbili. Maji bado yanaingia. Leo Baba alikwenda mwenyewe kwa Bwana Kipimo, nikiwa nimemshika mkono.

"Kipimo. Ule mteremko wako."

"Upi, Sajini?"

"Usinitese. Ule mteremko wa kutoa maji."

Yule bwana hakutabasamu, ila alijikuna shingo mahali pa utepe muda mrefu sana. Kesho analaza bomba sakafuni, linatoka hadi bondeni.

Alhamisi, 2 Mei

Nimemwona Mama Pacha. Mguu umebaki, lakini goti halitakunja tena. Nilimwambia yote, maana nimeapa siruki kitu. Aligeukia ukuta. Nikakaa. Baada ya muda akasema, bado kageukia ukuta, "Pacha wanakula?" Nikasema wanakula. Akasema, "Chana nywele zao, usiwaache kama vibuyu vya waganga." Kesho nitakwenda tena.

Jumanne, 7 Mei

Magogo hakuna mtaa mzima, wameyamaliza wenye nyumba kubwa. Mashimo manne, mapaa hakuna. Mawingu yanaanza kupanda juu.

Ijumaa, 10 Mei

Wazo lilikuwa langu, najipa sifa mwenyewe maana hakuna mwingine atakayenipa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na Kijino, namtazama Baba akipima mdomo wa shimo kwa fimbo. Nikasema, "Baba, mlango wa nyumba hii ni wa mti wa nini?"

Akaja, akaugonga kwa vidole. Akatega sikio. "Mninga," akasema.

Tumeng'oa milango yote ya safu. Ya mbele na ya nyuma. Bwana Kipimo alileta wake wa bati, Baba akaukataa mbele ya watu, kisha akaukubali kwa ajili ya kuwekwa chini ya udongo maji yasipenye. Milango, juu yake bati, juu yake viroba robo tatu, juu yake udongo wa kwenda kiunoni, juu yake matawi na nyasi. Juu ya yote, kwenye nguzo, vyandarua vilivyoshonwa pamoja, vinase kitakachoshuka. Nimevishona kwa mikono, na cha Kijino kimo. Sasa usiku nawinda mbu kwa kanga.

Nyumba haina mlango. Kuku wa jirani wanaingia, wanatazama, wanatoka. Nimechoka hadi kwenye kucha.

Jumanne, 14 Mei

Marufuku kufagia. Uwanja umejaa majani, nyayo, matambara. Mama yangu mzazi akiuona uwanja huu atanikana hadharani.

Ijumaa, 17 Mei

Manyunyu asubuhi. Baba alitoka akasimama nje na kiganja wazi mpaka yakakoma. Akasema, "Ndiyo ya mwisho hiyo."

Jumatatu, 20 Mei

Kavu. Mama Pacha karudi na fimbo. Baba kamwambia, "Karibu kwenye kikosi cha fimbo." Alicheka kidogo. Kwangu bado hajacheka, lakini kanirudishia ndoo yangu iliyobaki kwake tangu tuchimbe.

Jumatano, 22 Mei

Droni zilikuja tatu.

Tuliingia kila kundi shimoni mwake, nusu tukitambaa kwenye zile kona. Ndani giza, kunanuka udongo mbichi na watu. Mimi, Kijino, Baba, Mama Pacha na pacha mmoja mapajani kwake, mwingine kwangu. Tulikuwa sita penye nafasi ya watano, maana pacha wamekataa kutenganishwa na mtu yeyote.

Tukaisikia ile cherehani juu. Ikaenda, ikarudi, ikaenda. Inatafuta. Mama Pacha akanong'ona, "Itafute tu, uchafu wote ule itaona nini?" Kisha moja ikashuka. Tulisikia chandarua kikikwaruza, nguzo ikilia, halafu mshindo. Milango ikaruka, ikakaa. Udongo ukatumiminikia kichwani kama unga kwenye ungo. Kijino akapiga chafya mara tatu.

Baba akanyoosha mkono gizani, akapapasa paa, ubao kwa ubao, mpaka akagusa chuma.

"Huu mlango wa nani?"

"Wetu, Baba."

"Komeo lake zuri," akasema. "Halijalegea."

Mama Pacha ndiye aliyeanza kucheka. Akanishika bega kwa kucheka, akasahau kuutoa mkono.

Tulipotoka, chandarua kilikuwa matambara na udongo umechimbika shimo la kuogeshea mtoto. Watu kumi na tisa, tukahesabiana mara mbili. Kumi na tisa.

Alhamisi, 23 Mei

Barabara imekauka, lori limefika. Dereva safari hii kaniita mimi kwanza. Barua ni ya tarehe nne Aprili, imekaa bondeni na tope lake. Hai tarehe nne. Nashikilia hapo. Mistari michache tu: wanahamia mbele, mvua ikiisha watakuwa na kazi, mwanangu ana meno mangapi. Na chini, kwa herufi kubwa, kama mtu anayepiga kelele kutoka mbali: "BABA KASEMAJE?"

Nilimsomea Baba yote. Hakuvaa shati safi, hakukuwa na muda. Akasema, "Mwandikie. Dereva anaondoka sasa hivi." Kweli, kawasha injini, anapiga honi, na mimi naandikia gotini.

Nimeandika: Meno manne. Baba kasema amesikia. Kasema ulikuwa na haki kuhusu juu, na yeye alikuwa na haki kuhusu kona, na msibishane tena kwa barua, ubishi uje nao nyumbani. Mimi nina kosa langu, nimeliandika kwenye daftari, utalisoma ukirudi, sijaruka kitu.

Ukija usitafute mlango wa mbele, haupo. Zunguka nyuma kwenye uwanja mchafu, inama, pita kona mbili za Baba, halafu ubishe hodi juu ya kichwa chako. Hapo ndipo ulipo mlango wetu.